Kwa nini chati yangu inaanza na Agosti?

SWALI: Shikamoo Bi Takwimu. Mimi ni karani wa maktaba. Mkuu wangu anataka kuona vitabu vilivyoazimwa kila mwezi kwa miaka 2 iliyopita, tena kwa picha, jedwali hataki. Nilipakua Tableau Public, programu ya bure ya kuchora chati, nikaburuta Mwezi huku na Idadi kule, zikatoka pau zinazoanza na Agosti, kisha Aprili, kisha Desemba! Nikakimbilia Excel nichore walau jumla za miaka 6. Huko nako kila mwaka umepata pau mbili, moja ya kwangu na nyingine ndefu ajabu, na hizo ndefu zote zinalingana. Nihamie programu gani? Na je, chati ya duara si ingependeza zaidi?
Karani Aliyekwama

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame popote. Programu zote mbili zimekutii. Tatizo liko kwenye jedwali lako, na huko utakakohamia utalibeba.

Agosti, Aprili, Desemba: huo ni mpangilio wa alfabeti. Kwa Tableau yako, "Machi" ni neno tu, sawa na Asha au Zuhura. Haijui kwamba linatangulia Aprili. Rudi kwenye lahajedwali, ongeza kolamu iitwayo Tarehe, na kila mwezi uuandike kama tarehe kamili ya siku ya kwanza: 2024-03-01 kwa Machi, 2024-04-01 kwa Aprili. Ukiiburuta Tarehe hiyo, usishtuke ukiona miaka miwili tu. Bofya kishale kidogo kilicho juu yake. Utakuta mwezi umetajwa mara mbili. Chagua ule wa chini, wenye mwaka pembeni yake. Miezi yako 24 itajipanga kama ilivyopita.

Zile pau ndefu za Excel nimezicheka kidogo, unisamehe, maana zilinitesa hata mimi. Ni miaka yenyewe. Excel imeona 2019, 2020, 2021 ikadhani ni idadi ya kitu, kama vitabu, ikaichora. Zinaonekana kulingana kwa sababu tofauti ya 2019 na 2020 ni 1 tu katika elfu mbili na ushei. Futa neno "Mwaka" kwenye seli ya juu kabisa kushoto, iache tupu, kisha chagua jedwali lote na uchore upya. Miaka itateremka chini kwenye mhimili mlalo inakostahili.

Ukiwa hapo, tazama namba zako zimeegemea upande gani wa seli. Kama hujagusa mpangilio, namba halisi huegemea kulia. Iliyoegemea kushoto imesomwa kama maneno, mara nyingi kwa sababu mtu ameandika "vitabu 140" badala ya 140. Kipimo kiandike mara moja tu, kwenye kichwa cha kolamu.

Kuhusu duara: hapana. Vipande 24 vya duara ni gurudumu la rangi, hakuna atakayejua Mei imeizidi Juni au la. Mwaka 1984 watakwimu William Cleveland na Robert McGill walipima jambo hili, wakaona watu hukadiria vizuri zaidi urefu unaoanzia mstari mmoja kuliko pembe. Duara nalikubali kwa sehemu mbili au tatu za kitu kizima kimoja, basi. Kwa miezi inayofuatana tumia chati ya mstari. Kwa jumla za miaka 6, pau. Zote mbili si mambo mapya: Mskoti William Playfair alizichapisha mwaka 1786, na duara likamfuata yeye huyohuyo mwaka 1801.

Pau zianze sifuri. Hili nalisema kwa uchungu. Kazini kwangu zamani nilichora mahudhurio ya miezi miwili, 92 na 96, na programu ikajichagulia kuanza na 90. Pau ya pili ikawa mara tatu ya ya kwanza! Mkuu wangu alisimama mbele ya kikao akatangaza ongezeko la kutisha, nami nikakaa kimya kwa woga. Siku hizi, kabla ya kumpa mtu chati, jambo la kwanza ni kuisoma namba ya chini kabisa ya mhimili wima. Mstari hauna sharti hilo, maana jicho hufuata mteremko wake, si urefu.

Rangi iwe moja. Kisanduku cha kueleza rangi kifute, hakina cha kueleza. Na kichwa kisiwe "Idadi ya vitabu kwa mwezi". Hicho mkuu wako anakijua. Kama uazimaji umeshuka Desemba zote mbili, andika hivyohivyo: "Uazimaji ulishuka Desemba zote mbili."

Jambo moja la tahadhari: ukichapisha kazi kwenye Tableau Public, inaonekana na ulimwengu mzima. Pakia jumla tu, usipakie orodha yenye majina ya walioazima.

Ukikwama tena niandikie, lakini safari hii uniletee jedwali lenyewe. Picha ya chati sitaihitaji.