Rokkaku inayoyumba haihitaji mkia

Je, rokkaku, yaani tiara ya Kijapani inayorushwa kwa upepo, ifungwe mkia ikiyumba huku imebeba kamera? Hapana, haitulizwi kwa mkia, bali kwa kukaza nyuzi za nyuma zinazopinda fito zake mbili za mlalo, kwa kuwa tiara hii ya pembe sita, ambayo asili yake ni Sanjo katika mkoa wa Niigata, Japani, huundwa iruke bila mkia na utulivu wake hutokana na mpindo huo. Inapoinamia upande mmoja, upande ulioshuka huukabili upepo zaidi na kusukumwa kurudi mahali pake. Kaza kidogo kidogo, ukianzia mpindo wenye kina cha takriban sehemu moja ya kumi ya urefu wa ufito, maana mpindo ukizidi tiara hupoteza nguvu ya kuinua mzigo, na nguvu hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Ikiwa inavutwa daima upande uleule, pima kwanza nyuzi nne za mbele zinazoiunganisha tiara na kamba kuu ya kurushia, za kushoto zilingane na za kulia, kisha chunguza kama mwanzi wa fito upande mmoja ni mlegevu kuliko wa pili. Fundo la kuunganishia nyuzi hizo na kamba kuu lipandishwe upepo ukiwa mkali, lishushwe ukiwa hafifu. Kamera yenyewe isifungwe kwenye tiara, bali ining'inizwe kwenye kamba kuu, mita 20 au zaidi chini yake, ambapo mitikisiko ya tiara huwa imepungua sana.