Nguvu za ziada kwenye pikapu: anzia kwenye joto, si kwenye kasi

Wengi mmeuliza kuhusu vifaa vya kuongeza nguvu za injini, vile vinavyochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari chini ya usukani au kuunganishwa kwenye nyaya za injini. Leo najibu maswali sita. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu linawahusu karibu wote wenye pikapu za dizeli.

Shikamoo fundi. Nina Hilux 2.8 ya mwaka 2017, gia za mkono. Natoa viazi Mbeya kupeleka Dar, narudi na bidhaa za duka. Nimenunua kifaa cha kutyuni, yaani cha kuongeza nguvu za injini, chenye viwango vinne. Nikiweka cha tatu kuna shida? (Msomaji, Mbeya)

Marahaba. Weka cha kwanza, na hata hicho usikiweke kabla ya kujua hali ya gari lako leo. Badilisha oili na chujio la dizeli, kagua mipira ya tabo (ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini) kama haivuji hewa, kisha tafuta fundi mwenye mashine asome presha ya dizeli kwenye reli, yaani bomba linalogawa dizeli kwenye nozo, wakati gari linapanda mlima na mzigo. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huomba presha fulani, pampu nayo hutoa inachoweza. Kama inaombwa bar 1,800 na inatoa 1,600, pampu au nozo zimeshachoka, na ukiongeza nguvu hapo unazimalizia.

Kuhusu kiwango cha tatu, tazama walichofanya Toyota wenyewe. Injini hiyo ilipotoka mwaka 2015 ilikuwa na nguvu farasi 177, na kwa gia za mkono torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 420. Mwaka 2020 wakaipandisha hadi farasi 204. Otomatiki ikapewa Nm 500, lakini ya gia za mkono wakaiacha kwenye 420 ileile. Waliolitengeneza gari hawakutaka kuongeza torki upande huo, basi kifaa kinachokuahidi Nm 500 kwenye gia za mkono kitazame kwa shaka. Klachi ndiyo itakayokuonya kwanza: uko gia ya tano, unakanyaga mafuta, resi inapanda, kasi haipandi, na harufu ya kuungua inaingia ndani.

Halafu kuna mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama asilimia 80 ya ile ya Dar. Dizeli ikiongezwa mahali ambapo hewa imepungua, haiungui vizuri: moshi unakuwa mweusi, joto la ekzosi linapanda, na tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Aliyelijaribu gari lako likiwa tupu pale Dar hajakuambia lolote kuhusu mlima wa Kitonga ukirudi na tani moja nyuma.

Kwa hiyo funga geji ya joto la ekzosi, sensa yake ikae kabla ya tabo. Mafundi wengi wa dizeli huhesabu nyuzi 700 za Selsiasi kuwa mwisho wa joto la kudumu kwenye mlima. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, na pistoni zako ni za aluminiamu. Zinapona kwa oili inayorushwa chini yake na hewa mpya inayoingia kila mzunguko. Nimewahi kushika pistoni iliyozidiwa na joto. Ukingo wa lile bakuli la juu ulikuwa umelika, na ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeshuka kuelekea kwenye pini. Mwenye gari alikuwa bado analisifia kwa kuvuta.

Geji ikikaribia 700, legeza mguu, shusha gia moja, acha resi ipande kidogo ili hewa iingie kwa wingi. Usikanyage mafuta hadi mwisho ukiwa gia kubwa na resi iko chini ya 1,500, maana hapo ndipo konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zinapoumia. Na kama hata kwenye kiwango cha kwanza geji inarudia kufika huko, rudisha programu ya kiwandani. Barabara yako haina nafasi ya nguvu zaidi ya hizo.

Fundi, pikapu yangu ilizimika katikati ya kuingiza programu mpya. Haiwaki kabisa. Kontroli boksi imekufa? (Msomaji, Morogoro)

Pengine haijafa. Usichomoe betri wala kifaa kwa hasira. Unganisha chaja ya betri kwanza, kisha tafuta kwenye kifaa sehemu ya kurejesha programu; vingi vinayo. Ikishindikana, fundi wa umeme anaweza kufungua boksi na kuiandikia mezani, ilimradi programu yako ya awali ipo. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa ni kuisoma ile ya kiwandani na kuihifadhi sehemu mbili, kabla ya kugusa kitu kingine.

Siku nyingine chaja ikae kwenye betri muda wote, volti zisishuke chini ya 12.5. Zima kiyoyozi, taa na redio, na kompyuta iwe na chaji ya kutosha. Kama umeme wa mtaa wako unakatika ovyo, subiri siku nyingine.

Habari fundi. Nina Ranger iliyotoka Uingereza, taa ya chujio la masizi haizimi. Fundi wa mtaani anasema ataliondoa na kuifuta DPF (ndilo chujio hilo) kwenye programu. Nikubali? (Msomaji, Eldoret)

Usikubali, tafadhali. Masizi hayo yatawaingia mapafuni watu waliosimama stejini, watoto wakiwemo. Marekani kuondoa kifaa cha namna hiyo ni kuvunja Sheria ya Hewa Safi, na si bure walioitunga waliona haja hiyo. Isitoshe, chujio halijazi lenyewe. Ama nozo inavuja, ama tabo inapitisha oili, ama umeweka oili isiyo ya majivu machache, ama gari linazunguka mjini tu halipati safari ndefu ya kuyachoma masizi. Ukilitoa, ugonjwa unabaki ndani na taa ya kukuonya haipo tena.

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, Hilux yangu ni ya petroli 2.7. Nikiityuni nitapata nguvu kiasi gani? (Msomaji, Muscat)

Waalaykum salaam. Kidogo sana, ndugu yangu. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na programu haiwezi kuiongezea hewa ambayo haipo. Wanachofanya wengi ni kuwahisha cheche, na kwa joto la kiangazi cha huko injini itaanza kugonga. Ukilazimisha, tumia petroli ya oktani 95 muda wote, usirudi kwenye 91 hata siku moja. Mimi ningeitumia pesa hiyo kwenye rejeta safi na plagi mpya.

Dada yenu nauliza: kile kifaa cha pedali kinaongeza nguvu? Muuzaji anasema na mafuta kinapunguza. (Msomaji, Lushoto)

Hapana, dada, vyote viwili. Kinaiambia kontroli boksi kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Gari linaonekana jepesi, nguvu ni zilezile.

Nimetoa tairi za 265/65R17 nikaweka 285/70R17. Kuna cha kubadilisha kwenye tyuna (kifaa cha kutyuni)? (Msomaji, Arusha)

Kipo, na ni muhimu kuliko farasi. Tairi mpya ni kubwa kwa asilimia 7 hivi, kwa hiyo spidi ikisoma 80 unakwenda karibu 86, na kilomita zinazohesabiwa ni pungufu, hata oili utaichelewesha. Kama tyuna yako ina sehemu ya kipimo cha tairi, ingiza kipya, kisha linganisha na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka. Gia pia zimekuwa kama zimerefuka, gari litaona uzito mlimani. Usijaribu kufidia kwa kupandisha nguvu: shusha gia. Na waandikie watu wa bima wajue kuhusu tairi na tyuna yenyewe, ukiwa bado hujadai chochote.