Miti ya kumkumbuka baba, hela ziende kwenye utafiti

SWALI: Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwaka jana kwa saratani ya tezi dume, tukamzika kihambani, shamba la ukoo, huku Kibosho, Kilimanjaro. Wadogo zangu wanataka kila ndugu atoe elfu 30, kwa kila mchango tunapanda mkondekonde mmoja, hela itakayobaki tupeleke kwenye utafiti wa saratani. Eti mkondekonde ndo dawa ya tezi dume. Wajomba wanasema hayo mambo ya kizungu. Tufanyeje?
Binti wa Kibosho

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Wajomba waulize, ile mimea ya masale mnayopanda makaburini nani aliwafundisha, Mzungu?

Mkondekonde ni mti wenu kabisa, unapenda baridi ya huko juu. Ila kwenye dawa tuelewane. Magome yake kweli yanapelekwa Ulaya yanatengenezewa vidonge, lakini vidonge vyenyewe ni vya tezi dume iliyovimba, ile ya uzee, siyo saratani. Mkitangaza mmepanda dawa ya saratani kesho mtakuta mtu na panga anabandua, na mti ukibanduliwa kuzunguka wote unakufa. Ndo ulivyopungua, mpaka 1995 ukawekwa kwenye CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuuza nje lazima kibali.

Mbegu msihangaike nazo, zikikauka hazioti, nunueni miche, ofisi ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, watawaelekeza kitalu. Pandeni masika yakishashika, mchane kiriba, kile kifuko cha mche, na mtaje kabisa nani atamwagilia kiangazi na nani anafunga mbuzi.

Sasa hela, hapa ndo undugu unapovunjikia. Hiyo "itakayobaki" siipendi hata kidogo maana ataanza fundi wa mashimo, mara soda, mara pilau la siku ya kupanda, mwisho imebaki nauli ya mwekahazina. Gawanyeni kabla, tuseme elfu 10 mti na matunzo, elfu 20 utafiti, iandikwe kwenye grupu la WhatsApp kabla mtu hajatuma hata mia. Pilau kila mtu aje na lake.

Kwa kupeleka, hospitali ya KCMC si mnayo hapo mlangoni, ina taasisi yake ya utafiti, KCRI, na NIMR, taasisi ya serikali ya utafiti wa magonjwa, ipo toka 1979. Nendeni na barua siyo bahasha, ulizeni kama wanapokea michango ya familia, inaingia akaunti gani, na risiti iandikwe utafiti. Hospitali yoyote ikipokea hela bila maelezo inaweza kununua mashuka, sadaka nzuri tu ila siyo mlichowaahidi ndugu. Wala msitegemee elfu 20 zenu zitavumbua dawa, lakini nauli za wagonjwa wanaorudi kliniki kufuatiliwa kwenye utafiti zinaweza kulipa, na bila hao kurudi utafiti unakwama.

Halafu kaka zako. Baba akiugua saratani ya tezi dume, hatari ya watoto wa kiume inapanda, kwahiyo wakifika 45 hivi waende kwa daktari waulizie kipimo cha tezi dume kinachoitwa PSA. Ni damu tu, waambie, maana najua wanachoogopa.