Maswali na majibu: Mkanda wa kubebea vifaa porini

Shikamoo mwalimu. Napima miti kwenye misitu ya Uluguru. Kiunoni nabeba panga, chupa ya maji ya lita moja, redio ya mkononi na futi ya utepe. Ikifika saa nane mchana kiuno kinauma na suruali imeshuka. Ninunue mkanda gani? (Morogoro)

Marahaba. Kwanza, toa vitu hivyo kwenye mkanda wa suruali. Kazi yake ni kushika suruali tu. Tafuta mkanda wa pili unaovaliwa juu ya nguo, wenye upana wa milimita 50 hivi, na uufunge ukalie mifupa ya nyonga, ile miwili unayoigusa ukishika kiuno. Ukiufunga juu zaidi, usawa wa kitovu, uzito unabebwa na nyama laini, na maumivu yako yanatokea hapo.

Upana peke yake hautoshi, mkanda lazima uwe mgumu. Nenda dukani na chupa yako ikiwa imejaa, ining'inize kwenye mkanda huku umeushika ncha zote mbili. Ukingo wa juu ukipinduka kwenda nje, mrudishie muuzaji mkanda huo. Wengi huangalia bizimu tu, kama inang'aa na ina nembo gani, kisha mwezi wa pili tangu wanunue wananiandikia barua.

Panga likae upande wa mkono unaolitumia, ndani ya ala yenye kamba ya kufungia mpini. Ala ya boksi na gundi si ala. Chupa ikae upande wa pili, nyuma kidogo ya nyonga, na redio mbele. Katikati ya mgongo pasiwe na kitu chochote. Uluguru kuna utelezi, na ukianguka chali juu ya redio, kitakachoumia ni uti wa mgongo. Ukiona jumla imepita kilo 3 au 4, hamishia maji kwenye begi la mgongoni. Mkanda wa kiuno bila kamba za mabegani haukutengenezwa kubeba zaidi ya hapo kutwa nzima.

Mkanda mzuri ni upi? (Dar es Salaam)

Swali hili linakuja kila mara, na kila mara halina maelezo. Mzuri wa kubebea nini? Uzito kiasi gani? Utauvaa juu ya fulana au juu ya koti? Hata kipimo cha kiuno hujaandika. Pima kiuno ukiwa umevaa nguo za safari zote, pima na upana wa vitanzi vya vipochi ulivyo navyo, maana kipochi chenye kitanzi cha milimita 40 hakiingii kwenye mkanda wa 50. Ukishavipata vipimo hivyo, niandikie tena.

Ngozi au naironi? (Tanga)

Kwa Tanga, naironi. Ngozi halisi, nene na ya kipande kimoja, ni nzuri sana kwenye sehemu zenye hewa kavu, lakini mwambao inashika ukungu kabatini na inahitaji mafuta mara kwa mara. Na nyingi zinazouzwa kama ngozi ni unga wa ngozi uliogandishwa na kupakwa plastiki juu. Angalia ukingo uliokatwa. Ukiona tabaka jembamba la rangi juu ya kitu kinachofanana na kadibodi, hutamaliza nao msimu wa mvua. Ukienda baharini, bizimu iwe ya plastiki ngumu au ya shaba. Ya chuma cha kawaida itashika kutu na kung'ang'ania siku unayotaka kuifungua haraka.

Nimeuziwa mkanda wa jeshi, wenye rangi za madoamadoa ya kijeshi, bado mpya. Naweza kuutumia kwenye matembezi? (Arusha)

Usiuvae. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na hakuna askari atakayekaa barabarani kukusikiliza ukieleza kwamba wewe una mkanda tu. Kenya na Uganda nako madoa si vazi la raia. Usalimishe, usimwuzie mwenzako.

Mimi ni mpagazi Kilimanjaro. Shanta niliyopewa imekatwa mkanda wa kiuno. Wenzangu wanasema mkanda huo ni wa wageni, sisi wagumu hatuuhitaji. Ni kweli? (Moshi)

Si kweli, na aliyeukata amekukosea. Mzigo wako unapimwa getini na kikomo ni kilo 20, lakini mizani haioneshi kilo hizo zitakaa wapi mwilini mwako. Bila mkanda zinaning'inia mabegani na kukaza shingo. Mkanda ukifungwa sawasawa, sehemu kubwa ya uzito inashukia kwenye nyonga, na kutoka hapo inabebwa na mapaja. Mgeni aliyebeba koti la mvua na chupa ya maji ana mkanda wenye sponji nene, halafu anayembebea hema hana. Kampuni inayomtoza mgeni zaidi ya dola elfu moja kwa safari moja haiwezi kusema imekosa fedha ya kushonesha mkanda. Viongozi wa msafara mnaosoma hapa, kagueni shanta kabla ya kufika getini.

Wakati unasubiri, mpelekee fundi viatu pale soko la Memorial. Utepe wa mkanda wa kiti cha gari, wa kutoka gereji, unafaa: una upana wa karibu milimita 47 na ni imara. Kwa kuwa ni laini na utakata nyama, ashonee ndani vipande vya mkeka wa sponji wa kulalia, upande wa kulia na wa kushoto. Uzi uwe wa naironi, mshono uwe wa mraba wenye msalaba ndani.

Namna ya kuuvaa: legeza kamba za mabegani, funga kiuno juu ya mifupa ya nyonga, kaza, ndipo uvute za mabegani kidogo. Wengi wanaanza na mabega, na hapo mkanda unakuwa pambo. Na unapovuka mto wenye nguvu, fungua mkanda wa kiuno kabla hujaingia majini. Ukianguka, shanta lazima iweze kutoka mabegani na kwenda peke yake.

Tunataka kujaribu Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Mkanda mpana wa kazi unaweza kufungiwa kamba ya kupandia? (Nanyuki)

Hapana. Ukining'inia kwa kiuno peke yake, mkanda unapanda hadi chini ya mbavu na kukubana pumzi, kama bizimu haijaachia kwanza. Batian, mita 5,199, inapandwa kwa vifaa vya kupandia miamba vinavyozunguka mapaja na kiuno, pamoja na kiongozi anayevijua. Asiye navyo aende Lenana, kilele kingine cha mlima huo kinachofikiwa kwa miguu.

Rangi ya mkanda ina maana yoyote? Naenda Ruaha. (Iringa)

Ina maana kubwa. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, na mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Chagua kaki au kahawia, na vipochi vyake viwe hivyo hivyo.