Kielelezo bila makabidhiano
Umeuliza inakuwaje mshtakiwa aliyekamatwa na kisu chenye damu aachiwe huru. Mara nyingi kisu chenyewe hakina tatizo. Tatizo ni karatasi zake. Upande wa mashtaka unapaswa kuonyesha nani alikichukua eneo la tukio, nani alikifunga kwenye bahasha na kuitia lakiri, nani alikitunza na nani alikipeleka maabara, pamoja na tarehe, saa na saini za makabidhiano. Ikiwa daftari la vielelezo, yaani vitu vinavyotolewa mahakamani kama ushahidi, linaonyesha kwamba kilitoka stoo Ijumaa jioni, na ripoti ya maabara inasema kilipokelewa Jumatatu asubuhi, wakili wa utetezi halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekichezea, kwani kumuuliza mpelelezi kilikuwa wapi mwisho wa juma kunatosha kuzua shaka. Hapo ndipo hata wapelelezi hodari hukwama, na baadhi yao, kwa bahati mbaya, huanza kubahatisha majibu badala ya kukiri kwamba hawajui. Mahakama inaweza bado kukipokea kielelezo hicho na kukipa uzito mdogo, lakini kama kesi nzima ilikitegemea, ushahidi unaobaki huenda usitoshe kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka.