Jina la Mkataba Halimfungi Mtoza Ushuru

Maswali ya wasomaji: kodi na kazi

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mombasa na vitongoji vyake, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anayefanya kazi bila kuitwa mwajiriwa ni nani mbele ya sheria ya kodi? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa zilizobaki zinaiegemea.

*Assalaam aleikum, mshauri. Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu, nakaa Bamburi. Huu ni mwaka wa tatu nahudumia hoteli moja ya ufuoni, Jumatatu hadi Jumamosi. Naingia saa mbili asubuhi, natia sahihi kwenye daftari la getini, navaa shati lenye nembo ya hoteli, na siondoki bila ruhusa ya msimamizi. Gesi, mabomba na hata spana ni vyao. Mkataba wangu wa mwaka mmoja mmoja unaniita "mkandarasi wa kujitegemea". Kila mwisho wa mwezi napeleka ankara ya shilingi 60,000, nakatwa asilimia 5, napokea 57,000. Mhasibu wao ananiambia kodi yangu imekwisha hapo. Je, ni kweli? Na je, mimi ni mkandarasi, au nimebandikwa jina tu?*

Waaleikum salaam, fundi. Umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la pili kwa sababu ndilo linaloamua mzigo wa lile la kwanza utabebwa na nani.

Asilimia 5 unayokatwa ni kodi ya zuio, ambayo Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, inaitoza kwenye ada za usimamizi, ufundi, uwakala, utaalamu na ushauri zinazolipwa mkaaji wa Kenya, zinapofika shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi. (Kazi za ujenzi na uhandisi hukatwa asilimia 3.) Lakini sheria hiyo hiyo, inapofafanua ada hizo ni zipi, inayaondoa waziwazi malipo ambayo mwajiri anamlipa mwajiriwa wake. Maana yake ni kwamba hoteli haina hiari ya kuchagua kati ya asilimia 5 na kodi ya mshahara inayokatwa kwa utaratibu wa PAYE. Ukiwa mwajiriwa, PAYE ndiyo inayokuhusu, hata kama mkataba umeandikwa kwa wino wa dhahabu kwamba wewe ni mkandarasi.

Nani basi ni mwajiriwa? Mahakama haziangalii kichwa cha karatasi. Huuliza kazi yenyewe inakwendaje. Ni nani anayeamua ufike saa ngapi na uanze na chumba kipi? Vifaa ni vya nani? Ukiugua, unaweza kumtuma fundi mwenzako badala yako, au lazima uwe wewe? Kazi ikiharibika, hasara ni ya nani? Je, una wateja wengine, au riziki yako yote inatoka mlango mmoja? Hakuna jibu moja linalotosha peke yake. Hupimwa yote kwa pamoja. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1968 ambayo mawakili hupenda kuirejelea, ya dereva wa lori la zege. Alivaa sare ya kampuni na lori lilipakwa rangi za kampuni, lakini alikuwa akilinunua mwenyewe kwa awamu, akigharimia mafuta na matengenezo, na aliruhusiwa kumweka dereva mwingine. Jaji aliamua kuwa alikuwa akiendesha biashara yake. Kwa hiyo shati lako lenye nembo, peke yake, lisingenishtua. Linalonishtua ni lile daftari la getini, ruhusa ya msimamizi na spana zisizokuwa zako. Kwa uliyoyaeleza, naona una kila dalili ya mwajiriwa.

Sasa la kwanza. Mhasibu amekosea, na kosa hili ni la kawaida mno hapa mjini. Kodi ya zuio kwa mkaaji si kodi ya mwisho. Ni malipo ya mapema tu, ambayo huhesabiwa mwisho wa mwaka dhidi ya deni lako kamili. Tufanye hesabu kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, tukiiweka michango ya lazima kando ili isitutatize. Kwa mwaka unaleta ankara za shilingi 720,000. Shilingi 288,000 za mwanzo hutozwa asilimia 10, yaani 28,800. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25, yaani 25,000. Zilizobaki, 332,000, hutozwa asilimia 30, yaani 99,600. Jumla ni 153,400. Toa nafuu ya kila mlipa kodi, shilingi 28,800 kwa mwaka, ubakiwe na 124,600. Hoteli imekwisha kukukatia 36,000. Deni lililobaki ni 88,600, na hilo ni la mwaka mmoja tu.

Tazama jambo la ajabu hapo. Kama ungeandikwa mwajiriwa kwa mshahara wa 60,000, PAYE yako ya mwaka ingekuwa hiyo hiyo 124,600. Mkandarasi halipi kodi ndogo kwa sababu ya jina lake; hulipa kidogo pale anapokuwa na gharama za kweli za kutoa: gesi aliyoinunua, mafuta ya pikipiki, ujira wa msaidizi. Wewe huna, maana hoteli inakununulia kila kitu. Umebaki na mzigo wa mkandarasi bila nafuu ya mkandarasi, na umekosa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, notisi, na fidia ya kuumia kazini. Wala usidhani kwamba kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile inayotozwa biashara ndogo juu ya jumla ya mauzo yao, ingekuokoa: ada za ufundi na utaalamu zimeondolewa humo.

Ushauri wangu ni huu. Ingia iTax, tovuti ya kodi ya serikali, upakue vyeti vyote vya kodi ya zuio. Kama kuna mwezi hauna cheti, huenda hoteli ilikukata bila kuipeleka fedha KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Kisha zungumza na hoteli kwa maandishi, kwa adabu, uombe msimamo wa ajira yako urekebishwe. Wakikataa, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo hapa Mombasa. Wakati huo huo usiache kuwasilisha ritani, yaani taarifa yako ya mapato ya mwaka, ifikapo tarehe 30 Juni, kwa sababu kuchelewa kunamgharimu mtu binafsi shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa, na riba ya deni huendelea kukua kila mwezi.

*Mshauri, nina kampuni ndogo ya usafirishaji Shimanzi: malori matatu, madereva watatu na makarani wawili wanaoshughulikia mizigo bandarini. Rafiki yangu amenishauri niwaandike wote kuwa wakandarasi ili niepukane na PAYE, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na ushuru wa nyumba. Wenyewe wamekubali kutia sahihi. Kuna ubaya gani?*

Ndugu mfanyabiashara, ubaya ni kwamba sahihi zao hazitakulinda. PAYE ni jukumu la mwajiri, hupelekwa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na KRA ikiona kwamba ulipaswa kuikata na hukuikata, itakudai wewe, wala haitawafuata madereva. Inaweza kurudi nyuma miaka mitano, na juu ya deni ikaongeza faini na riba. Mshahara ulikwisha kuulipa wote. Utaitoa kodi hiyo mfukoni mwako mara ya pili.

Makarani wako wanakaa ofisini mwako, wanatumia kompyuta yako na wanapokea maagizo yako kila asubuhi. Hao sina la kubishana juu yao. Madereva wanaoendesha malori yako, kwa mafuta yako, kwa safari unazozipanga wewe, ni vivyo hivyo. Hata ukiwaita vibarua, Sheria ya Ajira ya 2007 katika kifungu cha 37 inamgeuza kibarua kuwa mwajiriwa wa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu.

Unachokimbia hasa ni kiasi gani? Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 ya mshahara kwa upande wako na nyingine 1.5 kwa mfanyakazi. NSSF ni asilimia 6 kwa kila upande. Bima ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, inatoka kwa mfanyakazi peke yake, na PAYE pia ni fedha yake. Ukijumlisha kilicho chako ni kidogo kuliko unavyohofia. Nisingemshauri mtu kuweka kampuni rehani kwa tofauti hiyo.

Kama siku moja dereva atanunua lori lake, akawa anabeba mizigo yako leo na ya jirani yako kesho, akakuletea ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na akabeba hasara ya gurudumu likipasuka Mariakani, huyo ni mkandarasi, na hapo utakuwa na haki ya kumwita hivyo. Ankara ya eTIMS usiidharau: tangu Januari 2024, gharama isiyokuwa nayo hukataliwa unapohesabu faida yako, isipokuwa chache zilizosamehewa na sheria, mishahara ikiwa mojawapo.

*Shikamoo. Mimi ni mfasiri, naishi Mji wa Kale, na wateja wangu wote wako nje ya nchi. Kwa wastani napata kama shilingi 90,000 kwa mwezi. Kampuni moja ya Marekani imenitumia fomu inayoitwa W-8BEN na naogopa kuitia sahihi nisije nikawa mlipa kodi wa huko. Na je, Kenya inanidai kitu, ikiwa hakuna anayenikata?*

Marahaba, binti yangu. Fomu hiyo usiiogope, kwani kazi yake ni kinyume cha unavyodhani: unathibitisha kwamba wewe si Mmarekani. Mapato ya huduma iliyofanywa nje ya Marekani, na wewe unaifanya ukiwa umeketi Mombasa, hayahesabiwi kuwa yametokana na Marekani. Kampuni huiweka fomu katika kumbukumbu zake, nayo kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliotia sahihi. Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kenya ndiyo inayokudai. Kutokukatwa hakumaanishi kutodaiwa. Kunamaanisha kwamba jukumu lote limekuangukia wewe. Tuseme mwaka mzima unapata 1,080,000 na gharama zako za intaneti, umeme na kompyuta ni 120,000. Kodi juu ya 960,000, baada ya nafuu, ni 196,600. Kwa kuwa inazidi shilingi 40,000, sheria haikungojei hadi mwisho wa mwaka: unalipa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, yaani 49,150 kila awamu, na salio likiwepo unalimaliza kufikia tarehe 30 Aprili mwaka unaofuata. Ushuru wa nyumba na SHIF navyo vinawahusu wasioajiriwa. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, isikusumbue mpaka mauzo yako yafike milioni 5 kwa mwaka.

Jambo moja la nyumbani. Fungua akaunti ya pili, na kila fedha inapoingia, hamisha sehemu yake ya tano humo kabla hujaenda Marikiti. Nimewaona watu hodari wakilia mwezi wa Aprili kwa sababu fedha ya serikali waliichanganya na ya sukari.

*Naendesha tuktuk ya mtu, njia ya Likoni. Kila siku napeleka hesabu ya shilingi 1,000, natia mafuta, kinachobaki ni changu, kama 700 hivi. Mimi nimeajiriwa?*

Kwa mpango huo, la. Mwenye tuktuk hakulipi mshahara. Wewe ndiye unayemlipa yeye, na siku ya mvua ukikosa abiria, hesabu bado inakungoja. Hiyo ni biashara yako ndogo. Ukifanya siku 26 kwa mwezi unabakiwa na kama 218,400 kwa mwaka, na mapato yasiyozidi 288,000 kodi yake humezwa yote na nafuu, hivyo huna cha kulipa. Kodi ya mauzo nayo huanzia kwenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 kwa mwaka. Jumla unayoikusanya kwa abiria, kabla ya hesabu na mafuta, ndiyo ya kuangaliwa hapo.

Ritani, hata hivyo, ni lazima ikiwa una PIN, namba ya mlipa kodi. Nenda Huduma Centre mwezi Mei, kabla foleni ya Juni haijafika barabarani, ukiwa na kitambulisho na daftari la hesabu zako za kila siku. Kama daftari huna, lianze leo. La shule la kurasa 96 latosha.