Nisagwe meno manane kwa ajili ya sendofu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nimekulia kijijini Singida, sasa nafanya kazi Dodoma mjini. Meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, ila hayaumi wala hayajatoboka. Sendofu yangu ni Desemba. Nimeambiwa manane ya mbele yasagwe, yavishwe kofia za kauri, na sitayahangaikia tena maisha yangu yote. Ni kweli? Halafu mtoto wa dada yangu, miaka 2, anakunywa maji ya kisima kile kile. Naye itakuwaje?
Bibi harusi mtarajiwa, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na nakuomba usikalie kile kiti kabla hujanisoma.

Kahawia hiyo naijua, kwa maana ninayo. Mimi pia nimelelewa na kisima cha Singida. Nilipokuwa na miaka 25 nilibandikwa vinia nne, yaani maganda membamba ya kauri ya kufunika uso wa jino, nikacheka kwa picha zote za mwaka ule. Mwaka wa sita, natafuna ubuyu nje ya soko la Majengo, nikasikia tak! Ncha imekatika. Kauri ni ngumu lakini haipindi, ikizidiwa hupasuka, na kuiunga ikarudi kama zamani ni shida. Yangu ilikwanguliwa yote, jino likasagwa tena, nikalipia mpya. Nyingine fizi imepanda, sasa kahawia yangu inachungulia ukingoni.

Na hizo zilikuwa vinia, ambazo husaga upande wa mbele tu, kama nusu milimita. Kofia husaga jino pande zote, milimita 1 hadi 2. Enameli, lile tabaka gumu la nje, haioti tena. Baada ya kusagwa hivyo jino linaweza kushtuka kwa maji baridi, na mengine kiini hufa, ukaishia kutibiwa mzizi wa jino lililokuwa zima. Kauri yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake linaoza, tena kimyakimya ukingoni mwa fizi. Nyingi hudumu miaka 10 hadi 15. Kwa umri wako, hesabu mwenyewe utarudi mara ngapi. Kama unasaga meno usingizini, zitavunjika mapema zaidi.

Sizipingi kofia. Gego lililotobolewa na kutibiwa mzizi, kofia huliokoa. Meno yako ni mazima, yamepakwa rangi tu na floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya kisima chetu.

Muulize daktari wako kwanza kuhusu kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa, kisha kung'arisha. Doa likibaki, lifunikwe kwa resini, ule ujazo mweupe wa kuzibia. Resini hubadilika rangi na kulika mapema, ila ikimeguka inajazwa siku hiyo hiyo. Anza sasa, usingoje Novemba.

Huyo mdogo ndiye ananikosesha usingizi. Meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi, na hadi kama miaka 8 floraidi inaweza kuyaharibu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Mwambie dada akinge ya mvua kwenye bati, ayatunze kwenye tangi safi lenye mfuniko, awe anampa mtoto hayo ya kunywa na ya uji. Na magadi asimtilie kwenye maharage wala mlenda, yana floraidi pia.